Nani Kakwambia Wimbo Umeisha?

Ukitaka kujua nani hakupendi hapa Yamumbi, huna haja ya kugombea udiwani. Kubali tu kuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya muziki.

Jirani yetu mwalimu anastaafu. Amewafundisha hesabu watoto wa hapa miaka nenda miaka rudi, na wachache wao waliielewa vizuri kiasi kwamba siku hizi wanatukopesha kwa riba. Watoto wake wameamua kumfanyia sherehe nyumbani: tenti, viti vya plastiki vya kukodi, mbuzi, keki, na mheshimiwa fulani wa kuja kuharibu ratiba. Kikao kikaitwa, kamati zikagawanywa. Wenye akili walikimbilia chakula. Wenye magari wakapewa usafiri, na wasio na magari wakapewa kazi ya kuwabembeleza wenye magari. Mimi nilikuwa nimetoka nje kupokea simu ya mtu aliyekosea namba. Niliporudi nikaambiwa, "Mzee, wewe utashika muziki." Kisa? Nina mvi na nina redio.

Mwalimu mwenyewe alitoa sharti moja tu: apigiwe Les Wanyika. Hataki injili ya mapambio, hataki hawa vijana wanaoimba kama wamekanyagwa. Les Wanyika. Mwenyekiti wa kamati kuu akasoma ratiba: hotuba saa mbili, muziki nusu saa. "Tuleteeni nyimbo tano," akasema, "na mzipange kwa ubora. Ule mkali kuliko yote upigwe wakati wa kukata keki."

Mzipange kwa ubora! Kwa agizo hilo moja, kuna watu mpaka leo wakiniona upande huu wa barabara wanavuka kwenda ule, matope au si matope. Na matope yetu si ya mchezo. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, tumeona maendeleo: zamani tulikuwa tunakwama pembeni mwa mji, sasa tunakwama pembeni mwa jiji.

Shida ni kwamba watu wa huku tumeharibiwa na riadha. Tunaamini kila jambo lina wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ukibisha utaonyeshwa saa. Eliud Kipchoge alipokimbia kule Vienna mwaka 2019, akamaliza marathoni nzima kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hakuna kamati iliyokaa kujadili kama amekimbia vizuri. Saa ilisema, mabishano yakaisha. Sasa wimbo utaupimia saa gani? Wimbo unapimwa kwa kelele, na mwenye kelele nyingi ndiye mwenye haki.

Kikao tulifanyia kwa kinyozi, kwa sababu ana spika nzuri na kwa sababu kwake hata mwenye upara hakosi kisingizio cha kukaa. Wa kwanza kuomba nafasi alikuwa fundi wa baiskeli.

"Hapa hakuna cha kujadili," akasema. "Sigalame, namba moja."

Nikamwambia kwa upole kwamba Sigalame si wa Les Wanyika.

"Kwani Wanyika ni wangapi?"

Nilijua hapo hapo kwamba ng'ombe wangu watakamuliwa na mtu mwingine jioni hiyo. Nikaanza kumweleza. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga, ambako walikuwa na Jamhuri Jazz. Wakapanda Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi, ndipo ikazaliwa Simba Wanyika. Novemba 1978 mpiga gitaa lao la ridhimu, Omar Shabani, ambaye watu walimwita Profesa, akatoka na wenzake, wakiwemo Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, wakaanzisha Les Wanyika. Akaja John Ngereza, na sauti yake ndiyo hiyo tunayoiigiza bafuni. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika Stars, na kwa huyo ndiko alikotokea Sigalame. Kumbuka siku hizo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, tangu mwaka 1977 hadi 1983. Rasmi hata mbuzi hapiti. Lakini kila ukigeuka Nairobi unamkuta Mtanzania ameanzisha Wanyika mwingine.

Fundi alisikiliza yote hayo kwa adabu, akatikisa kichwa, akasema, "Nimekuelewa, mzee. Basi Sigalame iwe namba mbili."

Mwingine akataka Kasongo. Huyo sikuhangaika naye, kwanza kwa sababu Kasongo ni wa Super Mazembe, wa mwaka 1977, na Mazembe wenyewe ni Wakongo. Pili, mjumbe wa kamati ya usalama alisimama kabla yangu. Tangu vijana walichukue jina hilo na kumtania nalo rais, akasema, wimbo huo haupigwi mahali penye mheshimiwa na askari wake, hasa katika kaunti hii ya nyumbani kwake. Masikini mama wa watu, wimboni anamlilia mumewe Kasongo arudi nyumbani, na karibu miaka 50 baadaye anaonekana mchochezi.

Tukarudi kwa Les Wanyika. Namba moja, kikao kizima kwa sauti moja: Sina Makosa. Sikupinga. Ndio wimbo uliowapa jina, na mpaka leo ukipigwa kwenye matatu ya Langas, kondakta anasahau kudai nauli ya watu wawili watatu. Nilichofanya ni kuuliza swali dogo tu, la kitaaluma: je, wanakamati wanajua wimbo huu unahusu nini?

Kimya. Mama mwenye duka, aliyeucheza tangu usichana wake, akasema unahusu mtu asiye na makosa.

Ni kweli, mama. Lakini makosa gani? Katika wimbo huo kuna wanaume wawili. Kila mmoja ana mke wake nyumbani. Wanataka kutoana roho kwa sababu ya mwanamke wa tatu, ambaye si mke wa huyu wala wa yule, na mmoja anamshangaa mwenzake: sasa wewe hasira ni za nini? Huo ndio utetezi wote. Hakuna mahali anaposema hakwenda. Na huo ndio wimbo tunaowaingizia maharusi ukumbini, bibi arusi na shela lake, wazazi wa pande zote mbili wakipunga vitambaa. Nimeusikia kwenye harambee ya kanisa, mchungaji akitikisa bega la kushoto, la kulia akiliacha litulie kwa heshima ya cheo.

"Kwani wanasema hivyo?" mama wa duka akauliza, mkono kifuani.

Wanasema hivyo, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko barabara yetu. Umeimba mwenyewe maneno yote, tena kwa sauti ya juu, mbele ya wakwe.

Kufika namba mbili ndipo nyumba zilipoanza kuingia hatarini. Les Wanyika wana Paulina na wana Pamela, na wanaume wa kamati yangu wakagawanyika katikati. Kijana mmoja fundi wa umeme, aliyeoa si zamani, alimtetea Pamela kwa ufasaha ambao sijawahi kumsikia nao akieleza kwa nini stima imepotea. Alisimama. Alifumba macho. Kwa bahati mbaya alipoyafumba, mkewe alikuwa anaingia na mtoto wa kunyolewa.

"Pamela ni nani?" mke akauliza.

"Ni wimbo, Mama Mtoto. Tuko kwenye kamati."

"Najua ni wimbo. Nimeuliza Pamela ni nani."

Kuanzia hapo kijana alipiga kura zake zote kwa Kajituliza Kasuku, ambaye angalau ni ndege. Mtu akapendekeza Afro. Kinyozi akaupinga papo hapo, akisema yeye hawezi kuunga mkono jambo linaloua biashara.

Katika hekima yote hiyo ndipo aliponyanyua kichwa mpwa wangu, ambaye ndiye dijei wa sherehe kwa sababu ni wa bure. Alikuwa amevaa fulana nyeusi ya Led Zeppelin na kichwa chake kilikuwa ndani ya simu.

"Mjomba, mnajichosha," akasema. "Mimi nitaweka miksi. Kila wimbo sekunde 30, ule mstari watu wanaujua, halafu naruka mwingine. Nyimbo zote zinaingia, hakuna wa kukasirika."

"Na magitaa?"

"Magitaa gani?"

"Yale yanayokuja baada ya kuimba."

"Aa, pale," akasema. "Pale wimbo unalala. Watu wanarudi kukaa."

Nilihesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kwa sababu mama yake ni dada yangu mkubwa. Unalala! Jamani, pale ndipo wimbo unapoamka. Mwimbaji akishamaliza kujitetea kwa yule bwana mwenye hasira, anasogea pembeni, wapigaji wanaachiwa kazi yao. Gitaa la solo linapanda juu, linauliza. Ridhimu la Profesa linajibu chini yake, maneno machache, halina haraka, halirudii swali. Besi la Malanga halifuati yeyote, lina mazungumzo yake lenyewe, na ukilisikiliza peke yake unaweza kudhani ni wimbo mwingine kabisa uliopita njia hiyo ukaamua kukaa. Ngoma iko nyuma, nyepesi, inahesabu tu. Wakongo waliokuwa Nairobi siku hizo walikuja na matarumbeta na vikosi vya waimbaji. Hawa walikuwa watu wachache, na bado hukosi kitu. Huku kwetu hatupungukiwi na chuo kikuu wala maprofesa, lakini wa kufanya waya sita zitoe hoja kwa utaratibu ule namjua huyo mmoja.

Sasa unaniambia nipange nyimbo tano kwa ubora, na kipande hicho hakuna aliyekisikia? Ukienda kusimama kilomita ya 21 ukamvika medali mkimbiaji anayeongoza, ukafunga barabara na kurudi nyumbani, watu wa Eldoret watakutafuta kwa mawe. Mbio hazijaisha. Lakini kwa nyimbo ndivyo tunavyofanya kila Jumamosi, na dijei analipwa, ukiacha wa kwangu.

Kwa kuwa mpwa alikuwa amevaa ushahidi, nikamuuliza hao waliomo kifuani mwake wana wimbo gani mkubwa. Akakaa sawa. Stairway to Heaven, mjomba, wa mwaka 1971. Una dakika ngapi? Nane hivi. Je, huo anaukata? Akanitazama kama nimetukana ukoo. Huo haukatwi! Bendi yenyewe ilikataa kuupunguza ili utolewe kama santuri ndogo kule Marekani! Alijua historia yote. Nikamwambia, ahaa. Kwa hiyo gitaa la Mzungu likipigwa dakika mbili hilo ni sanaa, la mtu wa Tanga likipigwa wimbo umelala.

Alirudi ndani ya simu.

Lakini tusimbebeshe kijana mzigo wote, maana wazee waliokuwa pale walianza kujipiga vifua, eti wao enzi zao walisikiliza muziki kamili. Enzi zipi? Tulikuwa tunanunua santuri ndogo, na upande mmoja wa santuri ile hauchukui zaidi ya dakika nne au tano hivi. Nyimbo za bendi zilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa hivyo zikakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza, maneno. Ili upate sehemu ya pili, lazima mtu ainuke kitini, anyanyue sindano, ageuze sahani, ashushe sindano. Katika nyumba zetu mtu huyo alikuwa mtoto, na mtoto alikuwa ameshalala.

Redioni ndiyo usiseme. Kwenye vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya, mtangazaji alikuwa na rundo la kadi: mtu wa Turbo anawasalimu watu wa Moi's Bridge, nao wawasalimu watu wa Kitale, mpaka salamu zizunguke Bonde la Ufa lote zimrudie mwenyewe. Wimbo unapewa nafasi uimbwe kidogo, na magitaa yakishaanza tu kuchanganya, mtangazaji anaingia juu yake na majina mengine. Kwa hiyo sisi wazee tuna ujuzi mkubwa sana wa nusu ya kwanza. Leonard Mambo Mbotela alikuwa na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, akiwauliza Wakenya kuhusu kutema mate ovyo na kuingia bila hodi. Hilo la kumzungumzia mpiga gitaa mdomoni ningelipenda lipewe wiki nzima.

Nikatumia cheo changu, mara ya kwanza na pengine ya mwisho. Nikaamuru kila wimbo upigwe mpaka unyamaze wenyewe, ndipo tupige kura. Mpwa akaunganisha simu na spika, kwa bando langu. Sina Makosa ukaanza. Wote wakaimba, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa kitu kinachokaribiana nacho. Mwimbaji alipokaa kimya, nusu ya kamati ikasimama ikachukua kofia, ikidhani tumemaliza.

"Kaeni," nikasema.

Wakakaa. Magitaa yakaendelea. Mama wa duka akaacha kuhesabu chenji. Fundi wa umeme akasahau kumwogopa mkewe, na mkewe akasahau kumkumbusha. Kinyozi, aliyekuwa ameshika mashine juu ya kichwa cha mteja, akaona mkono unataka kufuata ridhimu, akaizima kwa usalama wa mteja. Mteja, nusu kipara na nusu msitu, hakulalamika. Alikuwa anatingisha ile nusu iliyonyolewa.

"Hii ilikuwa humu ndani miaka yote?" mama wa duka akauliza.

Ilikuwa humu humu. Mlikuwa mnatoka kabla.

Baada ya hapo kura zilivurugika kabisa. Waliokuwa wa Paulina wakahamia kwa Pamela na wa Pamela wakahamia kwa Paulina, maana sasa walikuwa hawafuati jina la mwanamke bali vidole. Kasuku akapata heshima bila kuokolewa na ndoa ya mtu. Afro ulipigwa kinyozi akiwa ameziba masikio, lakini tulimwona mguu. Fundi wa baiskeli alisimama akasema sasa amefumbuka macho, anaomba radhi kwa kikao, na kwa moyo safi anapendekeza Sigalame iwe namba tatu.

Basi orodha rasmi ya kamati ndogo ya muziki, Yamumbi, ni hii. Namba tano, Amigo, kwa sababu wanawe mwalimu ndio wanaoujua na wao ndio wamenunua mbuzi. Namba nne, Kajituliza Kasuku. Namba tatu, Pamela, kwa masharti kwamba fundi wa umeme awe nje akiangalia jenereta. Namba mbili, Paulina, kwa kura moja zaidi, ambayo wa Pamela wanasema ilipigwa na mtu aliyekuja kunyoa ndevu tu. Namba moja, Sina Makosa. Afro uko kwenye akiba, iwapo keki itachelewa. Kila mmoja upigwe na nusu zake zote mbili, na dijei atakayenyanyua kidole kabla gitaa halijamaliza atapelekwa moja kwa moja kwa mama yake.

Nilipowasilisha orodha kwenye kamati kuu, mwenyekiti alitoa kalamu, akajumlisha dakika, akakunja uso. Zinapita nusu saa. Mheshimiwa ameomba muda zaidi wa kuwasalimia wananchi. Lazima kitu kikatwe katikati.

Nikamwambia hapo tumekubaliana, na mimi kikatwacho ninacho tayari: ikatwe hotuba ya mheshimiwa. Nimemsikiliza kwenye matanga, kwenye harambee na kwenye ufunguzi wa choo cha shule. Naye ana upande wa kwanza na upande wa pili, na ukigeuza sahani unakuta ni ule ule, isipokuwa sasa anadai hana makosa.